Aprili 1852: Shule ya Watoto wa Livingstone

Tarehe 23 Aprili 1852 Mary Livingstone alipanda meli Cape Town kwenda Uingereza akiwa na watoto wanne. Robert alikuwa na miaka sita. Agnes alikuwa anakaribia mitano, Thomas alikuwa na mitatu, na Oswell alikuwa kitoto cha miezi saba. Baba yao, David Livingstone, mmisionari wa London Missionary Society, hakupanda. Yeye alikuwa anarudi kaskazini kutafuta njia ya kuingia bara kupitia Mto Zambezi. Walikubaliana kwamba watoto wakasome Uingereza na baba angewafuata baada ya miaka miwili. Aliwafuata Desemba 1856.

Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Livingstone wa Ujiji, Livingstone wa Stanley mwaka 1871, na yule ambaye Chuma na Susi waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Nyumba yake haisimuliwi sana. Naiandikia kwa sababu siku hizi makanisa ya Tanzania na Kenya nayo yanatuma familia nje, na mama anayefungasha mizigo leo anajiuliza lile lile alilojiuliza Mary: watoto watasoma wapi, na nani atakuwa nao? Jibu langu kuhusu familia hii ni moja. Safari ya baba ilipangwa kwa makini, na shule ya watoto ikaachiwa matumaini. Mengi yaliyofuata yalitoka hapo.

Hali ilivyokuwa

Familia iliishi Kolobeng, katika Botswana ya leo, kwa Bakwena wa Chifu Sechele. Mshahara wa Livingstone ulikuwa paundi 100 kwa mwaka. Mary alifundisha watoto wa Bakwena, akaoka mkate, akatengeneza sabuni na mishumaa, akalea. Alikuwa binti wa Robert na Mary Moffat, wamisionari wa Kuruman. Alizaliwa mwaka 1821 huko huko kusini mwa Afrika, na Setswana alikizungumza tangu utotoni. Uingereza aliwahi kuishi miaka michache tu, kuanzia 1839 hadi 1843, alipoandamana na wazazi wake.

Hilo ni jambo kubwa katika kisa hiki. Livingstone aliposema watoto wanakwenda nyumbani, alikuwa anasema habari za nyumbani kwake yeye. Mkewe na watoto walikuwa wanakwenda ugenini. Familia nyingi za kimisionari zinapita juu ya hili bila kuliona: mtoto aliyezaliwa shambani mwa misheni hana nchi ile ile ya nyumbani aliyo nayo baba yake, na mpango wa shule unaomrudisha kwao kwa kweli unampeleka asikokujua.

Kwa nini walipaswa kuondoka Kolobeng? Mwaka 1850 Livingstone alimchukua Mary, mjamzito, pamoja na watoto hadi Ziwa Ngami, na watoto wakapata homa. Waliporudi Mary alijifungua binti, Elizabeth, aliyefariki akiwa na wiki chache tu. Mwaka uliofuata akawachukua tena, mama akiwa na mimba nyingine. Bibi Moffat alipopata habari alimwandikia mkwewe barua kali, akimuuliza kama mtoto mmoja aliyekufa hakumtosha. Safari iliendelea. Walivuka nyika kavu siku kadhaa maji yakiwa yamekwisha, watoto wakilia kwa kiu, na Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba mama yao hakumtupia neno hata moja la lawama. Oswell alizaliwa njiani, kando ya mto, Septemba 1851.

Hapo ndipo Livingstone alipoona haiwezekani tena. Aliwaandikia wakurugenzi wa chama chake London kwamba anataka kuwatuma mke na watoto Uingereza, na kwamba kitu pekee kinachoweza kumfanya awaache watoto wake wakae kama yatima ni imani kwamba hatua hiyo ni kwa utukufu wa Kristo. Homa, elimu na hatari ya Makaburu waliokuwa karibu, zote zilikuwa sababu. Hatari hiyo haikuwa ya kufikirika: miezi michache baada ya familia kuondoka, nyumba ya Kolobeng ilivamiwa na kuporwa. Kwa hiyo simlaumu kwa kuwaondoa. Alikuwa sahihi. Ninachokichambua ni alikowapeleka na kwa mpango gani.

Mpango wenyewe

Ukiukunjua mpango wa 1852 unakuta mambo machache sana ndani yake. Nguo za safari zilinunuliwa na rafiki yao mwindaji, William Cotton Oswell, ambaye mtoto mdogo alipewa jina lake. Livingstone mwenyewe alikuwa ameshachukua mshahara wa mbele. Matumizi ya Uingereza yangetoka kwenye chama, kwa kiasi ambacho Mary angekiomba akiwa huko. Makazi yangekuwa kwa wazazi wa David, Hamilton, Uskochi, wazee ambao Mary hakuwahi kuishi nao. Shule haikutajwa kwa jina. Mlezi wa kusimama iwapo Mary angeugua au angeshindwana na wakwe hakuwepo. Na miaka miwili ilikuwa makisio ya mtu aliyekuwa anaingia nchi ambayo Wazungu wachache sana walikuwa wameipita.

Mpango ulivunjika haraka. Mary na wakwe zake hawakupatana na akaondoka Hamilton na watoto. Kutoka hapo alihama kutoka makazi hadi makazi: Hackney, Manchester, Kendal, Epsom. Aliandikia chama barua baada ya barua akiomba fedha. Mwalimu yeyote atakwambia maana ya maisha hayo kwa mtoto wa miaka saba au minane: akianza kumzoea mwalimu anahama, akianza kuelewa hesabu za darasa anakuta wenzake wa darasa jipya wako mahali pengine, na nyumbani mama anahesabu shilingi. Kendal walipata marafiki Waquaker, Wakristo wa madhehebu ya Friends, waliowapokea kwa wema mkubwa, nao ni ushahidi wa kitu ambacho mpango ulikosa. Watu wa kusaidia walikuwepo. Hawakupangwa.

Luanda, 1854

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikae na kisa hiki kwa muda mrefu. Tarehe 31 Mei 1854 Livingstone alifika Luanda, pwani ya Angola, baada ya kutembea kutoka Linyanti, ndani kabisa ya bara, akiwa na Wamakololo 27 aliopewa na chifu wao Sekeletu. Alikuwa mgonjwa, amekonda, anatetemeka homa. Ilikuwa imepita miaka miwili na mwezi mmoja tangu meli ya familia iondoke Cape Town. Bandarini kulikuwa na maofisa wa jeshi la majini la Uingereza, nao walijitolea kumpa nafasi arudi kwao.

Alikataa. Aliwaahidi wale watu 27, na chifu wao, kwamba atawarudisha kwao, na aliamini hawawezi kurudi salama bila yeye. Septemba aliwageuza kuelekea ndani ya bara. Aliwarudisha, kisha akaendelea hadi Quelimane upande wa Msumbiji, alikofika Mei 1856, na kuwa Mzungu wa kwanza kuandikwa katika historia kuwa amekata bara kutoka pwani hadi pwani katika eneo hilo.

Mtu mwenye moyo hawezi kumsema vibaya kwa kutimiza ahadi ile. Mimi simsemi. Lakini angalia jinsi ahadi mbili zilivyopimwa. Ahadi ya Wamakololo ilikuwa na mashahidi: wao wenyewe walikuwa wamesimama mbele yake Luanda, na Sekeletu alikuwa anawasubiri. Ahadi ya watoto haikuwa na shahidi yeyote upande wake wa dunia. Barua zilichukua miezi, nyingine hazikufika kabisa. Hakuna mtu London aliyekuwa na kazi ya kumwandikia kusema, miaka miwili imekwisha, mtoto wako wa kwanza ana miaka minane, anahitaji shule ya kudumu, tufanyeje? Chama kilikuwa na ofisi ya kufuatilia vituo vya misheni. Kwa watoto wa wamisionari wake walio safarini hakikuwa na mtu wa namna hiyo, angalau hakumfikia Mary.

Njia zilizokuwepo

Mtu anaweza kusema zama zile hazikuwa na njia nyingine. Zilikuwepo.

Kuruman kulikuwa na babu na bibi, nyumba imara, bustani ya maji ya chemchemi, na lugha ambayo watoto walishaijua. Mary mwenyewe alirudi huko mwaka 1858 kujifungua. Elimu ya juu isingepatikana, lakini kwa watoto wa miaka sita, minne, mitatu na mchanga, elimu ya juu haikuwa shida ya wakati huo. Walihitaji kusoma, kuandika, hesabu, na mtu mzima asiyeondoka. Kwa miaka mitatu au minne ya kwanza naona Kuruman ingewafaa kuliko Hamilton. Kilichozuia, kwa sehemu, nadhani ni uhusiano wa Livingstone na mama mkwe baada ya barua ile kali. Mambo ya wakwe yameharibu mipango ya shule tangu zamani, na kamati za misheni huwa haziulizi habari zake kwa sababu yanaonekana ya aibu. Yaulizwe.

Njia ya pili ilikuwa shule za kusini mwa Afrika. Mary alisoma Salem, katika Cape ya Mashariki, akiwa msichana. Mtoto angekuwa bwenini, ndiyo, lakini kwa umbali wa gari la ng'ombe badala ya umbali wa bahari.

Ya tatu ilikuwa shule zilizojengwa mahsusi kwa watoto kama hawa. Walthamstow, nje kidogo ya London, palikuwa na shule ya mabinti wa wamisionari tangu 1838, na ya wavulana ilianzishwa hapo 1842. Robert na Agnes walikuwa bado wadogo mno kwa bweni mwaka 1852, na sisemi wangetupwa humo siku ile. Nasema mpango ungeweza kuandikwa hivi: miaka ya kwanza kwa babu na bibi Kuruman, na Robert akifika miaka kumi aende shule hiyo ya wavulana, mahali ambapo kila mwenzake angekuwa na baba aliye mbali na hakuna ambaye angemuuliza kwa nini.

Mwaka 1858, mara ya pili

Livingstone aliporudi alikuwa shujaa wa taifa. Kitabu chake cha safari, kilichotoka 1857, kiliuzwa sana, na akawawekea watoto fungu la fedha chini ya wadhamini. Tatizo la shilingi likaisha. Ndipo Machi 1858 akaondoka tena kwa safari ya Zambezi, na safari hii Mary akaenda naye pamoja na Oswell. Robert, Agnes na Thomas wakabaki Uskochi kwa wazazi wa David. Njiani Mary aligundulika ni mjamzito, akashushwa Cape, akaenda Kuruman, akamzaa Anna Mary Novemba. Akarudi Uskochi, kisha akamfuata tena mumewe. Alifia Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Anna Mary alimwona baba yake kwa mara ya kwanza mwaka 1864, akiwa na miaka mitano.

Fedha basi ilipatikana, na kasoro ile ile ikabaki. Watoto walipewa wadhamini wa mali. Mtu wa kukaa nao mezani jioni hakupewa uzito ule ule. Robert alipofiwa na mama alikuwa na miaka 16 na shule ilikuwa haimkai. Mwaka 1863 alisafiri hadi Natal akitaka kumfikia baba yake Zambezi, akashindwa. Kutoka hapo akaishia Marekani, akaandikishwa katika jeshi la Kaskazini, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya huko, kwa jina la uongo, Rupert Vincent. Alimwandikia baba yake kwamba amebadili jina ili asizidi kuliaibisha jina la Livingstone. Alitekwa, na akafa Desemba 1864 katika gereza la wafungwa wa vita Salisbury, North Carolina. Alikuwa na miaka 18.

Haitakuwa haki kusema shule mbaya ndiyo iliyomuua Robert. Vijana wengi waliolelewa na wazazi wote wawili walikufa katika vita ile. Lakini ile safari ya Natal naisoma kama ombi. Kijana wa miaka 17 alivuka bahari kumtafuta baba.

Na tazama Agnes. Mwaka 1864 na 1865 baba alikuwa Uingereza akiandika kitabu cha Zambezi katika jumba la Newstead, na Agnes alikaa naye miezi ile akimsaidia kunakili. Agosti 1865, Livingstone alipokuwa anaondoka kwa mara ya mwisho, alipita Paris akiandamana naye ili aanze shule huko. Baba alimpeleka mwanawe shule kwa mkono wake. Agnes akawa ndiye mtoto aliyeandikiana na baba barua nyingi na za wazi kuliko wote, hadi kifo cha baba. Miezi michache ya kukaa pamoja kabla ya kutengana, na kusindikizwa hadi mlangoni, vilijenga kitu ambacho fungu la fedha halikujenga.

Oswell, yule mchanga wa 1852, alifika Zanzibar mwaka 1872 na msafara uliotumwa kumtafuta baba yake. Stanley alirudi pwani na habari kwamba Livingstone amepatikana. Oswell hakuendelea bara. Alirudi Uingereza bila kumwona, na Livingstone aliumia sana kusikia hivyo. Katika miaka yake ya mwisho Livingstone aliandika kwamba Kolobeng alikuwa akimaliza siku amechoka kiasi cha kutobaki na nguvu ya kucheza na watoto, na kwamba walikua akiwa hayupo, akabaki bila wa kucheza naye.

Familia nyingine kwa kulinganisha

Ili nisionekane nasema kutengana ndiko kubaya peke yake, nitaje familia ya Liddell, ya chama kile kile. Mwaka 1908 James na Mary Liddell, wamisionari wa China, waliwaacha Robert wa miaka minane na Eric wa miaka sita katika ile shule ya wana wa wamisionari, ambayo baadaye iliitwa Eltham College. Miaka ilipita wakiwaona wazazi pale tu wazazi walipokuja likizo kutoka China. Ni umri mdogo mno, nami nisingeshauri. Lakini ndugu wawili waliwekwa pamoja, shule ilikuwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na likizo za wazazi zilijulikana. Eric akawa mshindi wa mita 400 katika Olimpiki ya Paris 1924, kisha akarudi China kufundisha.

Mwisho wa Eric una funzo la kipekee kuhusu shule. Mwaka 1941 alimtuma mkewe Florence, mjamzito, na mabinti wawili Kanada kwa wazazi wa Florence, kwa sababu ya vita. Yeye akafungiwa na Wajapani katika kambi ya Weihsien, alikofariki Februari 1945. Katika kambi hiyo hiyo waliletwa wanafunzi wa Chefoo, shule ya bweni ya China Inland Mission, wakiwa wametenganishwa na wazazi wao kwa miaka. Walimu walikuja nao. Waliendelea na masomo, Eric akiwafundisha sayansi kwa kuchora vyombo vya maabara kwa mkono kwa sababu vyenyewe havikuwepo, na mitihani ikafanywa humo kambini. Shule yenye walimu waliokubali kubaki na watoto ilihimili vita. Mpango wa 1852, uliomtegemea mama mmoja peke yake, ulivunjika kwa ugomvi mmoja wa wakwe.

Kwa familia inayoondoka leo

Simu na ndege zimepunguza umbali, lakini mitaala imeongeza ugumu. Chukua familia ya Kitanzania inayotumwa Msumbiji, ambako shule hufundisha kwa Kireno. Mtoto aliyeanza darasa la tatu Januari 2024 chini ya mtaala mpya anamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliomtangulia wanamaliza la saba. Akiondoka nchini akiwa la tano na kurudi baada ya miaka mitatu, hatakuta ngazi aliyoiacha. Akimaliza sekondari nje, cheti chake kitahitaji ulinganifu wa Baraza la Mitihani kabla ya kuendelea hapa. Kenya nayo inatoka katika 8-4-4, mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, na KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza msingi, ilifanyika 2023. Ratiba ya utume inayopangwa kwa vipindi vya miaka minne bila kutazama miaka ya mitihani ya watoto inamkata mtoto katikati.

Kwa hiyo, kabla ya ibada ya kuagwa, ningetaka barua moja isainiwe na kanisa linalotuma na wazazi wote wawili, mama akiwa amesema yake kwanza na si baada ya baba. Iwe na kila mtoto kwa jina, na mwaka wake wa mtihani. Iwe na shule iliyokwisha kuandikiwa na kujibu. Iwe na ada iliyotengwa kando ya mshahara, ili asiwepo mama wa kuandika barua za kuomba. Iwe na mlezi aliyekubali kwa mdomo wake mwenyewe, na wa pili wa kushika nafasi yake. Iwe na tarehe ya wazazi kurudi au kutembelea, na jina la mzee wa kanisa ambaye kazi yake ni kupiga simu tarehe hiyo ikipita. Na mtoto aliyefika miaka kumi asomewe barua hiyo na aruhusiwe kusema hapana kwa kifungu chochote, kisha kifungu hicho kijadiliwe tena kabla tiketi hazijakatwa.